Kiti cha Bi Mapokezi

Nilikuwa chali juu ya vigae vyeupe, mguu wangu wa kulia umeelekea upande ambao mguu wa mtu hauelekei, chai imenimwagikia kifuani, na wenye jengo waliotoka Nairobi wamenizunguka na soksi zao wakinitazama kama watu wanaochagua samaki. Hakuna aliyeinama. Meneja Badi alikuwa anaokota vikombe. Nalisema hilo mapema ili lijulikane: mtu amevunjika nyonga, na meneja anaokota vikombe.

Ndipo Bi Mapokezi alipoingia. Aliingia kwa mlango wa mbele, ule wa kioo, ambao alikuwa amekatazwa kuutumia, na aliingia na viatu. Ni mara ya pekee kumwona akiikanyaga sakafu ile na viatu. Alipiga magoti, kitu ambacho magoti yake yalishakikataa kwa miaka, akanishika kichwa akakiweka mapajani. Badi akamwinamia sikioni, lakini kichwa changu kilikuwa hapo hapo, nikasikia kila neno.

"Bi mkubwa, tafadhali. Wageni wapo. Si tulisema utumie mlango wa nyuma?"

"Badi, mwanangu," alisema bila kumtazama, "mwitie mtu gari kwanza. Kisha mimi nitautafuta huo mlango wa nyuma."

Halafu akanitazama, akatabasamu kwa meno yake mekundu ya tambuu, akaniuliza, "Pole, Tarishi. Nyumbani hawajambo?"

Mguu unaning'inia, na mimi nikajikuta najibu: "Hawajambo, Bi. Wakusalimu."

Basi ndivyo alivyokuwa. Nikianza na siku nyingine yoyote mtadhani natia chumvi.

Mimi nimesoma hadi darasa la tano, na hilo la tano lenyewe sikulimaliza. Sijui kupamba maneno. Nitawataja watu kwa majina kwa sababu walionivunja wana majina: Badi meneja, Zuhura mchoraji, Kombo mkandarasi. Yeye tu sitamtaja. Si kwamba nalificha jina lake. Hakuna aliyekuwa akilitumia. Mawakili walimwita Bi Mapokezi, wachukuzi walimwita Bi Mapokezi, na siku moja mjukuu wake alikuja kumtafuta akauliza, "Bi Mapokezi yuko?" Mimi mwenyewe kwake nilikuwa Tarishi. Nadhani hakuwahi kujua kama nina jina lingine, ingawa alijua jina la mke wangu, la mama mkwe wangu, na la mbuzi wetu kule Kaloleni aliyekufa kwa kula mfuko wa nailoni.

Jengo letu liko kisiwani, pale Mji wa Kale unapoishia na maduka ya vitambaa yanapoanza. Ghorofa nne, lifti moja iliyokufa kabla sijaajiriwa. Juu kuna mawakala wa forodha, wakili, daktari wa meno, watu wa bima, na mshonaji wa sare za shule. Chini, siku hizo, kulikuwa na ujia mrefu mweusi. Ukuta ulipakwa kahawia hadi kiunoni, na kutoka kiunoni kwenda juu ulipakwa rangi ambayo zamani ilikuwa krimu. Taa ya mrija ilipepesa mchana kutwa kama jicho lililoingiwa na mchanga. Mkono wa kulia palikuwa na baraza ya mawe ya kukalia wageni. Mkono wa kushoto palikuwa na meza yake, na nyuma ya meza, kiti.

Kiti hicho nitakisema, maana ndicho shina la maneno haya. Kilikuwa cha mbao, mkono wake mmoja umefungwa kamba, na juu yake mto alioushona kwa leso kuukuu. Yeye aliyewakalisha watu wote hakumruhusu mtu yeyote akikalie. Wakili wetu, bwana mkubwa mwenye tumbo la kesi nyingi, alikikalia siku moja akisubiri mvua ipungue. Bi Mapokezi alitoka msalani akamkuta. Alisimama mbele yake, mikono ameifumbata, akaanza kumuuliza habari za shangazi zake, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya upole, hadi yule bwana akaondoka akatoka na mvua yake.

Kazi yake, kwa maandishi, ilikuwa kuwaelekeza watu ghorofa. Kazi hiyo inataka maneno mawili. Yeye aliifanya kwa nusu saa.

"Ofisi ya forodha ghorofa ya ngapi?" kijana anaingia mbio, bahasha kwapani.

"Sabalkheri."

"Sabalkheri, Bi. Ofisi ya forodha..."

"U hali gani?"

"Salama. Nina haraka kidogo."

"Keti. Hizo ghorofa hazikimbii. Watoka wapi?"

"Majengo."

"Majengo kwa nani?"

Kijana anataja. Bi Mapokezi anafumba macho, anapekua kichwani mwake, anatoka na bibi wa yule kijana, harusi ya bibi huyo, na nani alizimia kwenye harusi hiyo. Kikombe cha chai ya tangawizi kimeshafika mkononi mwa kijana, hajui kimefikaje. Anakunywa. Anacheka. Akimaliza, ndipo anaambiwa:

"Hao wa forodha hawapo. Wamekwenda mazikoni tangu asubuhi."

"Bi! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungetoka na jua hili, na chai hujanywa."

Na mtu huyo huyo alikuwa hastahimili kuchelewa. Mimi nikichelewa hata kidogo kutoka posta alinikaribisha kwa ulimi ambao sitauandika hapa. "Tarishi, ulikwenda kuijenga hiyo posta?" Huo ndio mpole katika niliousikia.

Waliokuja na hasira hakuwapandisha kabisa. Aliwakalisha barazani, akawaambia, "Hasira ziache hapa chini. Utazichukua ukishuka." Wengi walizisahau. Wakati mmoja walikuja mume na mke kumtafuta wakili awatenganishe. Hawatazamani, kila mmoja ameegemea ukuta wake. Aliwakalisha pamoja kwenye baraza fupi, akawapa sahani moja ya kaimati na uma mmoja, kisha akashika simu. Simu ile haikuwa na laini. Ilikatwa zamani, waya wake ulining'inia nyuma ya meza, kila mtu wa jengo alijua. Aliishika sikioni kila alipotaka kumwacha mtu bila kumwacha. "Ee. Ee. Subhanallah. Ee." Adhuhuri ilipoingia wale wawili walikuwa wamekwenda zao nyumbani, na wakili ameshuka kwa Badi kulalamika kwamba mlangoni kuna mwanamke anayemnyima mkate.

Baada ya miezi walirudi wakaachana vizuri tu, na wakamletea halua. Hakuona haya. "Angalau waliachana wameshiba," alisema.

Alikosea pia, na mara nyingi. Alimpeleka mtu wa bima kwa daktari wa meno kwa sababu aliona shavu lake limevimba, kumbe ndivyo alivyozaliwa. Aliapa mbele yangu kwamba mshonaji ni mtu wa Lamu, akamletea salamu za Lamu mwaka mzima, na mshonaji mtu wa Taita hakuwa na moyo wa kumkatalia. Alichukia uchafu hata akamfokea mtu aliyedondosha tiketi, na pembeni ya meza yake palikuwa na kopo la maziwa la kutemea tambuu, ambalo mimi ndiye niliyelimwaga. Alilificha gizani, upande wa ukutani. Ndiyo maana nilishangaa yeye ndiye aliyeanza habari ya mwanga.

Lakini ni yeye. Jambo hili lazima nilinyooshe, maana Badi siku hizi husimulia kama kwamba mwanga ule aliuota yeye. Badi alizaliwa mtaa mmoja na Bi Mapokezi, na alipoletwa kuwa meneja wetu, hata hajatafuta pa kuweka mkoba, yule mama alimshika mkono akamsimamisha katikati ya ujia.

"Waona nini?"

"Sioni kitu, Bi mkubwa. Kuna giza."

"Alaa. Basi mgeni naye haoni kitu. Akiingia hapa hujiona kama aliyetiwa kaburini, na yeye alikuja kung'oa jino tu. Paka chokaa, mwanangu. Tia taa. Mtu akanyage kizingiti moyo ufunguke."

Alimwambia hivyo kila asubuhi. Alimwambia mbele ya wapangaji. Alimwambia kwenye hitima ya ami yake Badi mwenyewe, katikati ya pilau. Hadi wenye jengo wakakubali, nadhani ili tu wapate kimya, wakamleta Zuhura.

Zuhura alisomea ng'ambo mambo ya kupamba majengo. Msichana wa watu, heshima zake, sauti yake laini. Alikaa barazani na kompyuta bapa magotini, akamuuliza Bi Mapokezi swali ambalo ningetamani asingeuliza: "Mama, kwako wewe mahali panapomkaribisha mtu pakoje?"

Bi Mapokezi akaiweka simu chini. Akaeleza ukumbi wa nyumba yao siku ya Idi. Chokaa nyeupe hadi inauma macho. Sakafu imesuguliwa hata waona uso wako. Taa kila pembe. Udi umeshapita kwenye mapazia. Asumini kwenye sinia karibu na mlango, na mtu wa nyumbani amekaa mahali ambapo mgeni atamwona wa kwanza. Aliyasema polepole, akionyesha kwa mikono hapa na pale, na Zuhura akayachora yote. Mimi nilikuwa nimesimama na barua zangu, na wallahi niliuona ule ukumbi.

Hata vigae alichagua yeye. Kombo mkandarasi alileta vipande vya aina nyingi, akavipanga barazani. Bi Mapokezi akavipapasa kimoja kimoja kama anayechagua nyanya. "Hivi ving'aavyo," alisema. Kombo akasema sawa. Maboksi yalipokuja ni mimi niliyeyabeba, na juu ya kila boksi palikuwa na picha ya bafu, vigae hivyo vimepanda ukutani. Sakafuni kwenye picha hiyo palikuwa na vigae vingine, vyenye mikwaruzo. Nikamwambia Kombo. Kombo akasema, "Tarishi, kigae ni kigae. Wewe beba." Basi nikabeba. Kombo, nalikumbuka hilo.

Kazi ilikwenda nyuma ya mbao za kuziba. Bi Mapokezi alihamia nje chini ya mwavuli, akawapokea watu njiani, akaweka na kigoda cha mgeni. Aliisikiliza nyundo kama mama anayesikiliza mtoto chumba cha pili. Siku baraza ilipovunjwa alimuuliza Badi kishindo kile ni cha nini. Badi akamwambia ni mabomba. Aliamini. Badi, na hilo nalikumbuka.

Siku ya kufunguliwa alikuja amevaa buibui jipya, wanja machoni, chetezo mkononi makaa yameshawaka. Mbao zilikuwa zimeondolewa. Nami nasema kweli: pakaribishe, pasikaribishe, palipendeza. Kuta nyeupe. Taa zimefichwa darini, mwanga wake kama wa maziwa. Mlango wa kioo kitupu. Sakafu ilimeremeta hata paka aliyekuwa akipita alisita. Kwenye pembe, chungu cha asumini. Kila alichosema kilikuwapo.

Alivua champali zake kizingitini, bila kufikiri, akaingia na chetezo, akafukiza pembe zote, midomo ikisoma. Alikuwa analia na kucheka. Kisha akageuka mkono wa kushoto ili akae.

Pale palikuwa na nguzo ya chuma, na juu yake kioo cha kompyuta. Kioo kikasema kwa sauti ya mwanamke asiye na kwao: "Karibu. Tafadhali gusa kioo."

"Badi," alisema Bi Mapokezi. "Kiti changu kiko wapi?"

"Bi mkubwa, wewe huna haja ya kukaa mlangoni tena. Tumekupa chumba chako mwenyewe. Upumzike."

Chumba chenyewe ni stoo ya ghorofa ya tatu. Mafagio, vibao vya wapangaji waliohama, mashine ya faksi, na katikati yake kile kiti na mto wake wa leso. Hakuna dirisha. Mapokezi ya ghorofa ya tatu, ndani ya stoo. Alikwenda. Alizipanda zile ngazi akishika ukuta, na alipofika akakaa, akauliza, "Tarishi, watu watapitia wapi kuja huku?"

Swali hilo sasa nawauliza Badi na wenzake.

Lakini subirini kwanza niwape kicheko, maana Mungu si Athumani wala si Badi. Asubuhi hiyo hiyo alifika mzee mmoja wa Tudor, mteja wa daktari wa meno. Akasimama kizingitini. Akatazama sakafu. Akanusa udi. Akavua viatu vyake, akavipanga, akaingia peku.

"Mzee wangu," Badi akamkimbilia, "ingia tu na viatu."

"Mwanangu, mimi nimelelewa."

Nyuma yake akaja mwanamke na watoto. Wakaona viatu nje, wakavua. Wakaja makarani wa forodha. Wakaona viatu nje, wakavua. Kufika saa nne kizingiti kilikuwa kama cha msikiti siku ya Ijumaa. Nani atakanyaga na viatu ukumbi wa watu uliosuguliwa, uliofukizwa, wenye asumini mlangoni? Labda mtu wa Nairobi. Wote waliingia peku hadi ghorofa ya nne. Wakili alishuka kwenda mahakamani na joho lake na miguu mitupu, akakuta kiatu chake kimoja kimeondoka na mgonjwa wa meno aliyetiwa ganzi.

Badi akabandika kibao: USIVUE VIATU. Nikamwona bibi mmoja akikisoma herufi kwa herufi, kisha akavua. "Hicho wameandikiwa wasiojua adabu," alimwambia binti yake. Ile mashine nayo ilikuwa na yake. Watu waliisalimu. "Sabalkheri," mzee wa Tudor anaiambia. "Tafadhali gusa kioo." "U hali gani?" "Tafadhali gusa kioo." Mzee akanigeukia: "Huyu katoka nyumba gani?"

Badi akaona tatizo ni udi. Alikuwa amegundua kwamba Bi Mapokezi huja mapema, hufukiza ukumbi, kisha ndipo hupanda stoo kwake. Akamkataza. Akamkataza na mlango wa mbele kabisa. Kuanzia hapo yule mama alipitia uchochoro wa nyuma, penye mapipa ya taka, akiinua buibui lake lisiguse maji. Badi akapuliza dawa ya kopo yenye harufu ya limau. Watu wakaendelea kuvua.

Nilimuuliza siku moja kule stoo, "Bi, huoni uchungu?"

Akashika simu yake, ambayo alikuwa amepanda nayo, akaiweka sikioni. "Ee," aliiambia. "Ee. Subhanallah." Nikaelewa, nikashuka.

Tukafika siku ya wenye jengo. Badi aliamrisha sakafu ioshwe kwa sabuni hadi iseme. Mzee wa Tudor, ambaye kwa sasa alikuwa akija hata bila jino, aliwapokea wale mabwana kizingitini: "Karibuni, waungwana, viatu hapa." Wakavua! Mabwana wa suti, na soksi zao, moja ina tundu la kidole. Badi alikuwa ametokwa na jasho. Mimi nikatumwa chai mkahawani ng'ambo ya barabara, nikarudi na sinia, nikavua viatu kama mtu mwingine yeyote, nikakanyaga vigae vya bafuni vilivyotoka kuoshwa. Yaliyofuata mmeshayasoma.

Bi Mapokezi alikuwa uchochoroni akienda kwake pale aliposikia sinia. Ndiyo maana aliingia mbio, na kwa viatu.

Nyonga yangu sasa ina chuma. Watoto wangu huniuliza kama sumaku yaweza kunivuta. Badi alisema niliteleza kwa jivu la udi, udi ambao alikuwa ameukataza siku nyingi kabla. Kombo alisema yeye huweka kile kilichochaguliwa. Zuhura alikuja hospitali na machungwa, akakaa, akalia kidogo, akasema yeye huchora anachoambiwa. Nikamuuliza: "Na mtu wa nyumbani aliyekaa mahali mgeni atamwona wa kwanza, huyo ulimchora?" Akasema alimchora. Alichora na kiti. Mchoro uliporudi kwake kiti hakikuwapo. Nani alikifuta? Hajui. Nikamuuliza Badi. Anasema mchoro ulimjia hivyo hivyo kutoka kwa Zuhura. Kombo anasema yeye hafuti, hujenga. Basi kiti kilijifuta chenyewe, kikapanda ngazi kwa miguu yake minne.

Na Bi Mapokezi? Jioni ya siku ile niliyoanguka aliambiwa akapumzike nyumbani, kwa sababu aliingia mbele ya wageni kwa mlango ambao si wake. Hakuagwa. Hakupewa hata soda.

Nilikaa muda mrefu bila kumwona. Nilipoweza kutembea na mkongojo, mke wangu alinitoa jioni moja hadi Mama Ngina, kando ya bahari, nikapate upepo. Watu walikuwa wengi, moshi wa mihogo, watoto na mipira. Nikamwona kwa mbali, na nilimjua kwa jinsi alivyokaa. Watu wote kwenye vile viti vya saruji wameelekea bahari. Yeye peke yake ameipa bahari mgongo, anawatazama wanaokuja. Nafasi ya pembeni yake ameiwekea mkoba isichukuliwe.

"Wewe watoka wapi?" alikuwa akimuuliza kijana wa watu aliyekuwa akipita na madafu yake.

Aliponiona aliondoa mkoba. "Keti, Tarishi. Bahari haikimbii. Nyumbani hawajambo?" Na huyo wa nyumbani kwangu amesimama hapo hapo, mkono kiunoni, anacheka.

Tulikula mihogo yenye ndimu na pilipili. Aliniomba nimwonyeshe ninavyotembea, nikatembea hadi kwa muuza viazi na kurudi, akanitazama mguu. Kisha akauliza, na akaniangalia pembeni kama mtu asiyejali:

"Je, watu wavua viatu bado?"

"Wavua, Bi. Badi ameshindwa. Ameweka rafu ya viatu, na mimi kwa kuwa siwezi tena kupanda ngazi nimewekwa hapo mlangoni nivilinde. Nakaa nje kwenye kiti cha plastiki."

"Udi hakuna?"

"Hakuna."

"Na wavua?"

"Wote."

Alicheka hadi akajifunika uso kwa buibui, na mabega yakaendelea kutikisika hata baada ya sauti kukoma. Alipojifunua, wanja ulikuwa umemwagika. "Basi bado ni kwangu," alisema.

Baadaye akafuta vidole kimoja kimoja.

"Vigae nilichagua mimi, Tarishi."

"Najua, Bi."

"Nilitaka ving'ae. Mguu wako mimi nimo."

"Wewe sikutii humo, Bi. Wa kuwatia ninao."

"Nitie," alisema, na hiyo ilikuwa ile sauti ya kunikemea posta. "Mtu akikuuliza nani alikuvunja, nitaje na mimi, mwanzo kabisa. Nimekwambia leo, na huyu mkeo shahidi. Nisamehe."

Nilimsamehe hapo hapo, mdomo umejaa muhogo. Na amri yake nimeitimiza: amekwishatajwa, vigae alichagua yeye.

Sasa zamu yenu. Mwanamke asiyeweza kupiga magoti amepiga magoti, na asiyekuwa na deni na mtu amejibu lake, hadharani, mbele ya muuza mihogo. Badi, Zuhura, Kombo, mwapita mbele yangu kila wiki. Mwavua viatu, mwanipa nivishike, mwauliza hali yangu nami najibu salama. Mmoja wenu alikishika kile kiti kwa mkono wake akakitoa mahali pake, na mwajuana. Kiko stoo bado, ghorofa ya tatu, mto wake umeanza kuliwa na panya. Mimi ngazi siziwezi, na mwajua kwa nini.

Nani alikifuta? Na nani kati yenu atapanda kukishusha?